Pipi za bure ndani ya vifurushi: sisi wa aina ya kwanza mnafanyaje?

Zuhura_fundi

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, na naomba hasa kutoka kwa wanaoishi na kisukari aina ya kwanza au wanaolea mtoto mwenye nacho.

Mimi ninacho tangu nikiwa darasa la tano. Kazi yangu ni ushonaji, na vifaa vingi naagiza mtandaoni: zipu, vifungo, nyuzi za rangi zisizopatikana kirahisi. Siku hizi karibu kila muuzaji mdogo anatia na pipi. Unafungua boksi, juu kabisa unakutana na kimfuko cha plastiki kimefungwa utepe, ndani pipi za jeli na chokoleti mbili tatu, pembeni kadi imeandikwa kwa mkono: "Asante kwa kutuunga mkono." Unaona kabisa kwamba mtu amekaa chini akafunga huo utepe kwa moyo mmoja.

Nieleweke vizuri, sina ugomvi na pipi. Nakula pipi. Mwenye aina ya kwanza anaweza kula karibu kila wanachokula wengine, mradi ajue kina wanga kiasi gani na achome insulini inayolingana nacho. Mimi hesabu yangu ni yuniti 1 ya insulini kwa gramu 10 za wanga. Sasa pipi hizi zimetolewa kwenye mfuko mkubwa wa jumla, na maelezo ya wanga yamechapishwa kwenye mfuko huo, ambao umebaki kwa muuzaji. Mimi inanifikia pipi tupu, haina hata jina. Kukadiria naweza, nakadiria kila siku kwenye sahani yangu, lakini ni kazi ya kichwa isiyokwisha, na hapa naongezewa kazi na kitu ambacho sikukiagiza.

Halafu mzigo hauji saa ya kula. Kifurushi cha juzi kilifika mchana, sensa ya mkononi (kile kifaa cha kubandika kinachopima sukari) inasoma 13.4, yaani sukari iko juu, na mshale bado unapanda. Nilikuwa nimeshachoma dozi ya kurekebisha, nasubiri. Insulini ya haraka huchukua kama dakika 15 kuanza kufanya kazi, kilele chake ni saa moja na zaidi baadaye, na inaendelea kushusha kwa saa nne hivi. Katikati ya hapo ni hatari kuongeza dozi juu ya dozi kwa pipi za kukadiria, zikirundikana zinaweza kukushusha sukari mno. Nimekaa na kile kimfuko mezani, mdomo umekauka, na njaa inauma. Wasioishi na hali hii hawaijui njaa ya sukari ya juu: damu imejaa sukari lakini haiingii kwenye seli, mwili unalia kama haujala. Kukuta pipi mbele yako saa ile ni mtihani, na sioni kwa nini nifanye mtihani kwa sababu nimenunua zipu.

Maswali yangu ni haya. Unamwambiaje muuzaji bila kuonekana huna shukrani? Na je, pipi hizi zinafaa kuwekwa akiba kwa ajili ya sukari ikishuka? Nina chokoleti nyingi kwenye droo, sitaki kutupa chakula.

Mkweli_daima

Pole sana dada. Lakini si uzitupe tu? Ninavyojua mwenye sukari hatakiwi kugusa pipi kabisa. Bibi yangu alikuwa nayo, aliacha hata chai yenye sukari.

Mzee_wa_Kalamu

Mjukuu wangu, bibi yako huenda alikuwa na aina ya pili, na ushauri aliopewa ulimfaa yeye. Aina ya kwanza ni jambo lingine. Kinga ya mwili wenyewe imeziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Haikuletwa na pipi wala haiondoki kwa kuacha pipi. Hata ukila kitu kisicho na utamu wowote, kama kina wanga utahitaji insulini.

Hilo la kukatazwa kila kitu lina historia yake. Kabla ya insulini, madaktari walikuwa wanawalisha watoto wenye ugonjwa huu chakula kidogo mno, karibu na njaa, ili tu wasogeze siku zao mbele. Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson ndiye aliyekuwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini, na kuanzia hapo mambo yakabadilika. Sisi tunaochoma sindano leo ni warithi wa siku ile. Mimi nilianza na sindano na bomba la kioo la kuchemsha jikoni, sasa nina kalamu ya kuchomea insulini mfukoni, na sijawahi kupewa orodha ya vitu vya haramu na daktari aliyejua kazi yake.

Na ujue pia kwamba sukari ikishuka chini ya 4 (au 70, kwa mashine zinazosoma miligramu), ile pipi unayosema itupwe ndiyo dawa yenyewe. Unatetemeka, jasho linatoka, maneno hayapangiki. Saa hiyo bila sukari ya haraka unaweza kuzimia.

Zuhura mwanangu, kuhusu kumwambia muuzaji: mwambie. Aliyekupa kwa wema atapenda kujua kama wema wake umefika ulikokusudiwa.

Baba_Imani

Dada Zuhura, umeandika kilichomo moyoni mwangu. Binti yangu ana miaka minane. Tunaagiza plasta za kubandika juu ya sensa isibanduke, zenye picha za twiga na samaki, na kifurushi chake anakifungua mwenyewe kwa sababu ni cha kwake. Muuzaji wa plasta hizo anajua wateja wake ni akina nani, na bado mle ndani kuna pipi!

Ninachokichukia si pipi. Ni kwamba mtoto anapokea zawadi, uso umechangamka, halafu neno la kwanza analolisikia kutoka kwangu ni "ngoja". Mdogo wake haambiwi ngoja. Mwenzake anatia mdomoni, yeye anasimama na pipi mkononi huku mimi natafuta mzani. Ukimlea mtoto kama huyu utagundua kwamba neno "ngoja" linamchosha kuliko sindano.

Ila mzani wenyewe umetusaidia sana, na kwa pipi zisizo na maelezo ndiyo njia ninayokupa. Chukua ule mzani mdogo wa jikoni. Pipi ngumu za kufyonza karibu zote ni sukari tupu, kwa hiyo gramu za uzito zichukulie kama gramu za wanga. Za jeli, chukua robo tatu ya uzito: vipande vyenye gramu 20 vina wanga kama gramu 15. Chokoleti ya maziwa ni nusu ya uzito na kidogo zaidi. Si hesabu ya maabara, lakini inatosha kuchoma dozi ukiwa na amani. Tukishapima, Imani anaandika namba kwa kalamu kwenye karatasi ya pipi mwenyewe, kisha anaamua ale na chakula cha jioni au aiweke. Mara nyingi anaiweka, kwa kuwa sasa uamuzi ni wake.

Shanga_za_Neema

Mimi ni muuzaji, natuma shanga na hereni, na ndio, natia pipi. Ngoja nieleze kwa nini, labda itawasaidia mnapotuandikia. Pipi ni nyepesi, haiongezi gharama ya kutuma, haiharibiki haraka, na mteja akipiga picha ya kifurushi inapendeza. Sisi wadogo hatuna matangazo, tunategemea mtu afurahi anapofungua boksi arudi tena.

Dada Zuhura, mteja akiniandikia kwenye sehemu ya maelezo ya oda "tafadhali usiweke pipi", sichukii hata kidogo. Naona ni kama aliyeniambia saizi ya kidole chake. Tena haujaongelea mzio: wapo wasioweza kukaribia karanga, na mimi nikishamimina mfuko mkubwa kwenye vimfuko, nao hawana pa kusoma. Kuanzia mzigo wa wiki hii nitatumia pipi ambazo kila moja ina karatasi yake yenye maelezo, na kwenye fomu nitaweka swali: pipi, au shanga chache za ziada? Nadhani wengi watachagua shanga.

Muuguzi_Rehema

Nafanya kazi kliniki ya kisukari, nijibu swali la akiba maana ndilo linaloweza kudhuru mtu.

Chokoleti zako dada usizitegemee sukari ikishuka. Mafuta yaliyomo yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu, na ukiwa na 3.1 huna muda wa kusubiri. Zile kula siku nyingine na dozi yake. Pipi za jeli zinafaa, ila uzitafune vizuri. Pipi ngumu zinafaa ukizivunja kwa meno, kuzifyonza polepole ni kuchelewa, na mtu aliyeanza kusinzia zinaweza kumkaba. Kiwango ni kama gramu 15 za wanga kwa mtu mzima, subiri dakika 15, pima tena, kama bado uko chini rudia. Kwa mtoto mdogo kiasi huwa kidogo zaidi, daktari wake atawaambia. Vidonge vya glukosi au juisi ya kawaida bado ndivyo bora, kwa sababu kipimo kinajulikana.

Mwangalie sana pipi zisizo na sukari. Wauzaji wengine wenye nia njema wakisikia kisukari wanabadilisha wanaweka hizo. Zina vitamu kama maltitoli au sorbitoli, hazitakuinua vya kutosha ukishuka, na nyingi zinasumbua tumbo. Zikichanganyika na nyingine kwenye droo, saa ya kutetemeka hutazitofautisha. Zitenge kabisa.

Na kwa wanaoishi na Zuhura, au Imani: mtu akishapoteza fahamu msimtie chochote mdomoni, si pipi wala juisi. Mlazeni ubavu, mpeni glukagoni (dawa ya dharura ya kupandisha sukari) kama ipo, ya sindano au ya kupulizia puani, na mwite msaada wa dharura.

Zuhura_fundi

Asanteni sana, shikamoo Mzee. Dada Rehema, droo nimeshaipanga upya: jeli zimehamia kwenye kimkebe cha kitandani zikiwa zimepimwa gramu 15 za wanga kwa kila kifungu, chokoleti zimekwenda jikoni.

Ujumbe nilioandika kwa muuzaji wa zipu ni huu: "Habari. Zipu zako ni nzuri na zinafika kwa wakati, nitaendelea kununua kwako. Nina kisukari aina ya kwanza, kila kitu chenye wanga nakipima kabla ya kula, na pipi zisizo na maelezo zinanipa shida. Naomba oda zangu zije bila pipi. Kadi yako ya mkono naipenda, hiyo usiiache." Unasomekaje?

Baba_Imani

Unasomeka vizuri. Ongeza tu sentensi moja kwamba angeweza kuwauliza wateja wote kwenye fomu, kama anavyofanya dada wa shanga. Wewe umeweza kuandika, lakini yupo mtoto wa mteja mwingine ambaye hajui kama inawezekana kuomba. Mimi naenda kumwandikia yule wa plasta leo usiku.