Kompaila ya lugha ndogo: itoe C au LLVM IR?

kipanga
Habari wakuu. Lugha yangu ina aina zinazokaguliwa kabla ya programu kukimbia, namba kamili za biti 64 zinazozunguka zikijaa (zikipita kikomo zinaendelea kutoka upande mwingine), kloja (fanksheni zinazobeba vigeu vya mahali zilipoundwa), na ukusanyaji taka (kumbukumbu isiyotumika inaachiliwa yenyewe). Uchanganuzi na ukaguzi wa aina vimekamilika. Inalenga vichakataji vya x86-64 na vibao vya ARM. Nitafsiri kwenda C, kompaila ya GCC imalizie, au nitoe LLVM IR (msimbo wa kati wa mfumo wa kompaila wa LLVM) moja kwa moja?

staki_tupu
Anza na C, mkuu. Cfront, kompaila ya C++ ya Bjarne Stroustrup, ilitoa C miaka ya 1980, na lugha ya Nim inatoa C mpaka leo. Karibu kila kibao kina kompaila ya C, na hitilafu ikitokea unafungua faili iliyotolewa na kuisoma.

Ila sheria za C zitapenya kwenye lugha yako ukizubaa. Namba yenye alama (inayoweza kuwa hasi) ikijaa, C haiahidi chochote: GCC ina haki ya kuhesabu `x + 1 > x` kuwa kweli daima na kufuta sharti lako. Jumlisha kwa `uint64_t` kisha urudishe `int64_t`, au weka chaguo la GCC `-fwrapv`, linalofanya namba izunguke. Halafu kuna `f(a(), b())`: C haisemi ipi itangulie. Toa hivi:

```
int64_t t1 = a();
int64_t t2 = b();
f(t1, t2);
```

Tanguliza `#line` (agizo linalotaja faili na mstari wa asili) kwenye kila sentensi, kitatuzi cha gdb kitaonyesha faili ya lugha yako badala ya ile ya C.

mzizi
Kwa ukusanyaji taka C inabana kweli. Mkusanyaji unahitaji kuziona pointa (anwani za vitu kwenye kumbukumbu) zote, lakini C inaziweka kwenye rejista na huna pa kuiuliza ziko wapi. Itabidi kila fanksheni iandike pointa zake hai (zinazotumika bado) kwenye safu ya pembeni, na gharama hiyo unailipa kila wito, au utumie mkusanyaji wa kukisia kama wa Boehm, unaochukulia thamani inayofanana na anwani kuwa pointa na hivyo hauhamishi vitu. LLVM ina statepoint (alama kwenye wito) zinazokupa ramani ya pointa zilipo kwenye staki, na `musttail` kwa wito wa mwisho usiokuza staki.

`add` ya LLVM bila `nsw` (ahadi kwamba namba haitajaa) inazunguka yenyewe. Lakini usidhani huko ni salama tupu: kusogeza biti kwa 64 au zaidi kunaleta poison (thamani isiyoaminika), na kugawa namba ndogo kuliko zote kwa -1 ni kosa kwenye C na LLVM zote mbili, x86-64 inaiua programu kwa ishara ya SIGFPE. Hayo uyakague mwenyewe.

SSA (mtindo ambao kila kigeu kinapewa thamani mara moja tu) usijenge kwa mkono. Weka kila kigeu kwa `alloca` (nafasi kwenye staki) kwenye bloku ya kwanza ya fanksheni, hatua ya LLVM iitwayo mem2reg itamaliza. Na shikilia toleo moja la LLVM: pointa zenye aina (zinazotaja aina ya kitu zinachoelekeza) zilifutwa kwenye LLVM 17, zikavunja kompaila zilizozitegemea.

kipanga
Nikianza na C, nisijifungie vipi?

staki_tupu
Tengeneza msimbo wa kati wako mwenyewe, maagizo ishirini hivi: pakia, hifadhi, jumlisha, ita, ruka. Kloja zigeuzwe hapo kuwa struct yenye pointa ya fanksheni na mazingira yake. Orodha ya pointa hai nayo itoke hapo. Kichapishi cha C kisiguse mti wa sintaksi kabisa: bloku inakuwa lebo, mruko unakuwa `goto`. Ukihamia LLVM, unabadilisha kichapishi tu.

Endesha majaribio yote kwa `-O0` (bila uboreshaji) na `-O2` (kwa uboreshaji), kisha kwa `-fsanitize=undefined` (inayokamata mambo C isiyoyaahidi). Hiyo ya mwisho uiendeshe bila `-fwrapv`, maana `-fwrapv` inaficha kujaa kwa namba.