Tupeane uzoefu: zawadi mlizotengeneza na watoto nyumbani

Mama wa Tabata (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Likizo imeanza, watoto wako nyumbani. Umeme ukiwepo ni katuni, ukikatika ni ugomvi. Mwezi huu kwetu kuna sikukuu, kuna kipaimara cha binamu yao, halafu bibi yao anatimiza miaka 70. Mfuko hauruhusu kumnunulia kila mtu. Nimeamua safari hii zawadi zitoke mikononi mwa watoto.

Naomba tupeane uzoefu: mlitengeneza nini, kwa vifaa gani, mtoto wa umri gani alikiweza, na aliyepewa alikipokeaje. Zile video za gundi ya moto na vijiti vya rangi mniwie radhi, vifaa vyake kwa hapa mjini bei yake ni zawadi tosha.

Naanza mimi. Ya bibi tumetengeneza khanga ya karatasi. Ni khanga kamili kwenye manila: ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina chini. Nilimtandikia mwanangu wa darasa la pili khanga yangu mezani nikamwambia aangalie mwenyewe ilivyopangwa. Akagundua pindo linajirudia, maua yale yale mpaka kona. Basi pindo tumelichapa kwa bamia. Chukua bamia iliyokomaa, ile ngumu ambayo huwezi kuitia kwenye mchuzi, ikate kwa kukingamisha, ifute ute kwa kitambaa, ichovye kwenye rangi ya maji iliyo nzito, kisha gandamiza. Inatoka nyota ya pembe tano yenye vitobo vya mbegu. Ute ukibaki, rangi inateleza na nyota inakuwa doa tu.

Mji tumeuweka korosho, zile za kwenye khanga za siku zote. Yeye alichora juu ya nusu ya kiazi, kisu nikashika mimi. Jina alitunga mwenyewe na akagoma kubadilisha: BIBI UNANIGOMBEZA ILA CHAI YAKO TAMU. Herufi Z imegeukia nyuma. Mdogo wangu alitaka tuandike upya, nikamwambia akae mbali na meza.

Fundi Chelewa

Umenikumbusha mbali sana. Mimi ni mtoto wa Korogwe, gari la dukani nililiona kwa watu. Mwaka huu nimekaa na wanangu wawili, wa miaka 9 na 7, tukamtengenezea binamu yao gari.

Bodi: dumu la mafuta ya kula la lita moja, limelazwa ubavu, limekatwa dirisha. Ekseli: spoki za baiskeli, kwa fundi baiskeli unapewa bure zile zilizopinda. Matairi: ndala iliyokatika. Weka kikombe cha kahawa juu ya ndala, zungushia kalamu, kata kwa kisu kikali (hiyo ni kazi ya mzazi), toboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Siri iko kwenye visoda. Bila kisoda kila upande wa tairi, tairi linasogea hadi linagusa bodi na gari haliendi. Visoda vipondwe vilale, kingo zake zinakata vidole.

Sasa hapo kwenye zawadi kuwa ya mtu fulani, wanangu walinishinda akili. Walitaka gari liwe na namba. Namba zetu ni T, tarakimu tatu, herufi tatu, na binamu yao anaitwa Idi, anatimiza miaka sita. Wakaandika T 006 IDI, mbele na nyuma. Kioo cha nyuma wakaweka maneno kama ya daladala: MJOMBA HANA HABARI. Mjomba ni mimi. Sijauliza zaidi.

Idi alilala nalo.

Mzee wa Bando

Mkuu, watoto wa sasa hivi ukimpa gari la waya anakuuliza chaji yake iko wapi.

Fundi Chelewa

Mzee wa Bando, ukimpa lililokwisha tengenezwa, ndiyo. Akilitengeneza mwenyewe hata simu anakuachia. Jaribu Jumamosi moja ndipo urudi ubishe.

Mama Mapacha, Nakuru

Wazazi wa Kenya mtanielewa. Tangu CBC ije, ule mtaala wa umilisi wa shule zetu, kazi za mikono kwetu zimekuwa adhabu. Ujumbe unaingia kwenye grupu ya darasa saa tatu usiku: kesho mtoto aje na kinyago cha kutishia ndege. Duka la vitabu limefungwa. Mtoto anasinzia. Anayekata na kubandika ni baba. Kuna wakati mzee wangu alipewa "kuzidisha matarajio", ile alama ya juu kabisa, na akafurahi kweli kweli, mtoto hata hajui gundi ilikuwa wapi.

Kwa hiyo zawadi za nyumbani nimezitenga na mambo ya shule. Sheria ni moja: mkubwa anashika kitu chenye makali na kitu cha moto, basi. Vingine vyote hata vikienda upande, viende.

Mapacha wangu wana miaka sita. Siku ya Mama huwa Jumapili ya pili ya Mei, na mara hii baba yao aliwatengea makopo ya maziwa ya unga, kila mmoja lake, maana kopo moja kwa mapacha ni vita. Vipande vya kitenge walienda kuomba kwa fundi cherehani wa hapa mtaani, yeye huvifagia jioni na kuvitupa. Walipaka gundi nyeupe kwenye kopo, wakabandika vipande bila mpango wowote, halafu wakapaka gundi tena kwa juu. Ikikauka inang'aa na kitambaa hakichomoki nyuzi. Mdomo wa kopo baba aliugonga kwa nyundo, akauzungushia selotepu pana.

Mmoja alibandika vipande vyekundu tupu kwa sababu sweta langu ni jekundu. Mwingine aliacha kopo nusu, maandishi ya maziwa yanaonekana, akasema amechoka. Yote mawili yako ofisini kwangu. Wageni huuliza hilo la nusu kwanza.

Bi Pwani

Mie wa Unguja. Kwetu mtoto akifunga skuli wakati wa kaskazi, kazi ni tiara. Nyie wa Bara mwaita kishada.

Chelewa mbili kutoka kwenye fagio mpya, za fagio kuukuu zishakauka zavunjika. Moja iwe ndefu kidogo, zifungwe msalaba kwa uzi. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne upate fremu. Zamani tukivalisha mfuko wa plastiki. Hiyo imekatazwa, sisi Zanzibar tulitangulia na Bara wakafuata 1 Juni 2019, kwa hiyo sasa ni karatasi nyepesi ya kufungia zawadi. Gundi pika ya unga wa muhogo: uji mzito, ukamulie ndimu kidogo usivunde upesi. Paka kidogo. Uji mwingi waifanya karatasi kulowa na kuchanika.

Mkia usiuonee uchoyo. Mkia mfupi, tiara yazunguka kama imepagawa na kupiga kichwa chini. Sie twafunga vipande vya khanga zilizochakaa. Mjukuu wangu alimtengenezea rafiki yake anayehamia Pemba, akaandika jina la rafiki upande wa chini, herufi kubwa, ili likiwa juu litasomeka kutoka uwanjani. Hilo sikumfundisha mie.

Kaskazi ni Disemba hadi Machi. Kusi nayo yavuma, ila yaja na mvua za masika mwanzoni, karatasi hailipendi hilo.

Mwalimu wa Awali

Kwa walio na watoto wa miaka mitatu hadi mitano, vingi vilivyotajwa hapo juu bado ni vizito kwao. Wangu wanaweza unga wa chumvi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, maji yasiyozidi kikombe kimoja, unatia kidogo kidogo huku ukikanda mpaka usishike mkononi. Sukuma iwe nene kiasi cha sentimita moja. Mtoto agandamize kiganja, mara moja, bila kusukuma huku na huku. Pembeni toboa tundu kwa mrija wa soda kabla haijakauka, hapo ndipo utapitisha utepe. Jina na tarehe vichore kwa kijiti cha meno.

Usiianike juani ikiwa mbichi. Juu inakauka, ndani bado, inapasuka katikati ya kiganja. Iache kivulini siku mbili tatu ukiigeuza. Mwenye oveni aweke moto mdogo kabisa, nyuzi 100 hivi, saa mbili au tatu. Mwenye jiko la mkaa afanye kama anayeoka keki, mchanga ndani ya sufuria kubwa, makaa machache juu ya mfuniko, asiwe na haraka.

Kiazi Mbatata

Mwalimu, yangu nilimpelekea mama mkwe Tanga, baada ya muda ikawa laini na ikatoa unyevu. Tatizo nini?

Mwalimu wa Awali

Ni chumvi. Chumvi inavuta maji kutoka hewani, na hewa ya pwani inayo mengi. Kama imekauka kabisa mpaka ndani, paka vanishi mbele, nyuma, kwenye kingo na ndani ya lile tundu. Watu wengi wanapaka mbele tu. Na isitundikwe jikoni wala bafuni. Hiyo ya mama mkwe ikaushe upya kwa moto mdogo, kisha uipake, inaweza kupona.

Msafiri, Muscat

Mimi niko upande wa kupokea. Huku nje ukitaka kumtumia mtoto viatu unaomba kipimo, na kipimo chenyewe mnakijua: mtoto anakanyaga karatasi, mama anazungusha kalamu. Mke wangu hunitumia picha, na rula imewekwa pembeni nisikosee.

Binti yangu alipojifunza kuandika akaanza kujaza ndani ya unyayo. Kwenye kisigino: HAPA NILICHOMWA NA MWIBA. Kwenye kidole gumba: KUCHA HII IMETOKA. Karatasi iliyofuata alimchora na mdogo wake, akaandika HUYU HATULII, na kweli mstari umekatika pale mguu ulipoponyoka. Nikamwambia mama yao aache kupiga picha, anitumie karatasi zenyewe kwa mtu anayekuja. Nimezibandika ukutani kwa mpangilio wa ukubwa. Wenzangu chumbani wameanza kuomba za watoto wao.

Gharama: karatasi ya daftari. Na viatu, bahati mbaya, viko pale pale.

Mama Shanga

Niko Kampala, huku shanga za karatasi ni biashara kabisa ya akina mama, lakini za kutengeneza na mtoto wa miaka nane kwenda juu si ngumu. Kata karatasi pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu 30 hivi. Anzia kitakoni, vingirisha kwenye sindano ya kushonea magunia, ukikaribia ncha tia gundi, chomoa sindano. Ukivingirisha kwa kulegea, shanga inafunguka ikikauka. Vanishi nawapakia mimi nje, harufu yake si ya watoto. Na kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, shanga zikae juu kabisa, atazimeza.

Watu hutumia kalenda na magazeti kwa sababu ya rangi. Mwanangu alitumia daftari lake la hesabu la mwaka uliopita, akamfungia mwalimu bangili siku ya kufunga shule. Ukitazama kwa karibu unaona mistari ya bluu na vema za wino mwekundu. Mwalimu aliuliza, "Na zile kosa ziko wapi?" Akajibiwa zimo ndani, zimevingirishwa kwanza.

Mzee wa Bando

Hiyo ya bangili nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuangalia. Haya, Jumamosi nanunua spoki.

Fundi Chelewa

Usinunue! Nimesema zilizopinda, bure.

Mama wa Tabata (mleta mada)

Jamani asanteni, nasoma yote. Swali: zile foronya za kudarizi walizokuwa nazo mama zetu, USIKU MWEMA na maua pembeni, kuna aliyemfundisha mtoto? Wangu wa kiume, miaka kumi, ameziona kwa bibi yake na anataka kushona jina lake. Nimempa sindano, uzi unajifunga mafundo, anakasirika.

Bi Pwani

Usimuanzishe kwenye foronya, ile yafumwa kwa uzi wa karibu karibu, mtoto haoni pa kuchoma. Mpe kipande cha gunia la katani. Matundu yake yaonekana, ahesabu mawili mawili. Uzi uwe wa sufu, na usizidi urefu wa mkono wake, mafundo yatokana na uzi mrefu. Herufi achore kwa chaki kwanza. Aanze na mshono wa nyuma, ule wa mnyororo baadaye. Akimaliza jina lake kwenye gunia, foronya itamtii.

Mama wa Tabata (mleta mada)

Gunia la mchele ninalo, ila ni lile la plastiki. Nitaulizia la katani kwa muuza viazi kesho asubuhi. Wengine endeleeni, hasa wenye vitu vya kiume vya miaka kumi na kuendelea.