Milioni 18 za msaada wa kisheria kwa manusura wa ukatili wa nyumbani: tuzigaweje?

MwekaHazina_Kata12

Wakuu, naomba maoni ya wenye uzoefu na bajeti za namna hii. Kikundi chetu kina wasaidizi wa kisheria watano na kimesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Tuko Tanzania Bara, vijijini. Tumeahidiwa shilingi milioni 18 kwa mwaka mmoja. Lengo ni kuwasaidia bure wanawake wanaopigwa na kunyanyaswa na waume zao ili waweze kusimamia mashauri yao wenyewe: talaka, matunzo, mgawanyo wa mali.

Rasimu ya kwanza ina vijitabu 1,000 na semina kwenye kata zote 12, kinachobaki kiwe nauli. Mfadhili anataka kuona "idadi ya waliofikiwa". Je, mgawanyo huu una mantiki? Shauri moja linakula kiasi gani tangu mwanzo hadi hukumu? Na bodaboda hawatoi risiti, mkaguzi tutamwonyesha nini?

Kalamu_ya_Masjala

Mkuu, anza na njia anayopita huyo mama ndipo upange fedha. Semina haimfikishi mahakamani. Anakwama njiani, na sehemu anazokwama zinajulikana.

Kwanza ni ushahidi. Akipigwa, anaripoti Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, anapewa namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yake polisi) na fomu ya PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza kuhusu majeraha), anakwenda hospitali. Hali ikiwa mbaya atibiwe kwanza, fomu ifuate. PF3 ikishajazwa, ipigwe nakala siku hiyohiyo kabla haijarudi polisi. Miezi minne baadaye kuitafuta nakala hiyo ni safari tatu au nne, na kila safari ni nauli yenu.

Pili, na hapa ndipo mashauri mengi ya talaka yanapofia, ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakiruhusu kufungua madai ya talaka kabla mgogoro haujapelekwa barazani na baraza likathibitisha kwa cheti kwamba limeshindwa kusuluhisha. Mambo ya kukagua kwenye cheti:

– Kimetolewa na baraza lenyewe. Barua ya mwenyekiti wa kijiji au ya mtendaji wa kata siyo cheti, hata ikiwa na muhuri mzuri kiasi gani.
– Baraza lilikaa kwa akidi: mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Majina yao yaonekane.
– Kinasema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Cheti kinachosema "tunawaruhusu waende mahakamani" bila matokeo ya usuluhishi kinaleta mabishano yasiyo ya lazima.
– Hakijapita miezi sita tangu kitolewe hadi siku ya kufungua shauri.

Hilo la miezi sita linaumiza sana. Mama anapata cheti, anakosa nauli, anasubiri mavuno, anafika masjala ya mahakama mwezi wa saba. Anarudishwa kuanza upya mbele ya mume yuleyule ambaye mama alimkimbia. Cheti kikiwa na kasoro ya akidi, mambo ni mabaya zaidi, maana anaweza kushinda Mahakama ya Mwanzo kisha mwenendo mzima ukafutwa kwenye rufaa.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, kuna ruhusa ya mahakama ya kuomba kwanza. Na maombi ya matunzo hayahitaji cheti cha baraza, kwa hiyo mama mwenye watoto wenye njaa asiambiwe asubiri talaka.

Bajeti_na_Haki

Naongezea hesabu. Chukua shauri la talaka lenye watoto na nyumba moja. Polisi na hospitali safari 1, baraza safari 3, mahakama safari 5. Jumla 9. Weka bei za kwenu. Mimi natumia nauli ya 7,000 kwenda na kurudi, watu wawili, kwa sababu mama aende na msaidizi:

9 × 14,000 = 126,000
Chakula, pamoja na cha mtoto anayebebwa: 9 × 6,000 = 54,000
Nakala, picha za majeraha, kuchapa maombi: 15,000
Akiba ya kuahirishwa kwa shauri: 30,000

Inakuja 225,000. Mashauri 40 ni milioni 9, yaani nusu ya fedha yenu. Akiba ya 30,000 msiiguse kwa kitu kingine. Shauri kuahirishwa ni jambo la kawaida, na mdai asipofika kwa kukosa nauli linaweza kufutwa.

Milioni 9 zinazobaki ningezigawa hivi: posho ya wasaidizi watano kwa 50,000 kila mwezi, milioni 3. Wakili wa kupitia nyaraka kwa 200,000 kila mwezi, milioni 2.4. Dharura ya usalama (nauli ya usiku, chumba cha siku mbili tatu) milioni 2.4. Bando na vocha za simu, 10,000 kwa kila msaidizi kila mwezi, laki 6. Vijitabu laki 6. Jumla 18 kamili.

Wakili msimwite kwenye semina. Mpeni jalada. Kazi yake ni kusoma maombi kabla hayajapelekwa masjala na kukagua cheti cha baraza. Mengine wasaidizi wanayamudu, ila mipaka ya Sheria ya 2017 iko wazi: msaidizi wa kisheria hamwakilishi mtu mahakamani na hatozi chochote. Anaelimisha, anasaidia kupata nyaraka, anaelekeza chombo sahihi. Hata "ya soda" ni kosa, na ikitokea mara moja tu kijiji kizima kinajua kwamba msaada wa bure unalipiwa.

Vijitabu 1,000 ni vingi mno. Chapeni 300, kurasa 24 za A5. Namba za vifungu na fomu hubadilika, na stoo iliyojaa vijitabu vya zamani inapotosha watu kwa miaka. Jalada lisiandikwe UKATILI kwa herufi kubwa. Andikeni "Haki za Familia". Mume akikiona kwenye mkoba, kijitabu chenu kinaweza kuwa sababu ya kipigo kingine.

Vocha_Nyekundu

Kuhusu bodaboda: tengenezeni hati ya malipo ya ofisini yenye tarehe, alikotoka na alikokwenda, kiasi, sahihi ya dereva na namba ya pikipiki. Kwenye sera yenu ya fedha, ambayo mfadhili ameisaini kabla ya safari ya kwanza, iandikwe kwamba malipo yasiyozidi kiasi fulani yanakubalika kwa hati hiyo. Uchapaji na vifaa vyote viwe na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi).

Jina la mama lisionekane popote kwenye vitabu vya fedha. Kila shauri liwe na namba, mfano 07/B. Daftari linalounganisha namba na majina libaki kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo kwa mtu mmoja, mkaguzi alione hapohapo bila kupiga picha. Kwenye wilaya ndogo orodha ya "walionufaika" inamfikia mume ndani ya wiki.

Msitume nauli kwa simu kabla ya kumuuliza mama simu yake inashikwa na nani. Ujumbe wa muamala wenye jina la kikundi chenu ukiingia saa mbili usiku mume akiwa nayo mkononi, mmemweka hatarini. Mkabidhini fedha mkononi, au mlipeni dereva moja kwa moja.

Ruzuku hii iko chini ya milioni 20, lakini mkipata nyongeza mkavuka hapo, mkataba una masharti ya kuwasilishwa kwa Msajili wa NGO na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Wekeni alama kwenye kalenda.

Na huyo wa "idadi ya waliofikiwa", mpeni hatua badala ya vichwa: wangapi wana PF3, wangapi wana cheti halali, wangapi wamefungua shauri ndani ya miezi sita, wangapi wana amri ya matunzo, na wangapi wanalipwa kweli. Amri bila malipo ni karatasi tu, na kurudi mahakamani kukazia hukumu (kuomba itekelezwe kwa lazima) nako kuna nauli.

MwekaHazina_Kata12

Asanteni sana. Semina zimeondoka. Swali moja limebaki: mama amekimbilia kwa dada yake wilaya nyingine. Baraza ni la wapi?

Kalamu_ya_Masjala

Kwa kawaida ni la kata anakoishi mume. Kwa hiyo safari zake tatu za baraza ni za mbali na za hatari zaidi. Bajeti yake haiwezi kuwa 225,000. Tengeni daraja la pili la mashauri machache, kama 8 kati ya 40, kwa gharama mara mbili, na mpunguze idadi ya jumla ili hesabu ikae sawa.

Kabla ya kikao, andikieni baraza kuomba mambo mawili: pande zisikilizwe kwa zamu bila kukaa chumba kimoja, na ndugu yake aingie naye. Wakili haruhusiwi barazani, lakini mwanafamilia anaweza kumwakilisha; mwingine yeyote ni kwa ruhusa ya baraza. Msaidizi wenu aombe ruhusa hiyo mapema.

Mume akiitwa akakataa kwa makusudi kufika, hilo lenyewe ni moja ya mambo yanayoondoa sharti la baraza chini ya kifungu cha 101. Tunzeni nakala ya kila wito, na tarehe alipopokea. Pia mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane, inaweza kupokea shauri bila cheti. Tishio la kuuawa lenye RB na shahidi ni hoja nzito hapo, lakini iandikwe na wakili. Hiyo ndiyo siku ya kutumia 200,000 yake yote.

Bajeti_na_Haki

Na mali: mahakama hugawa mali ya ndoa inapotoa talaka au utengano, siyo kabla. Wakati wa kusubiri, mama akusanye nakala za hati, risiti za mabati na saruji, picha za nyumba, majina ya mafundi. Asiyekuwa na mshahara asikate tamaa. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango. Mwandikieni ukurasa mmoja wa orodha hiyo, akauache kwa dada yake.

Siku ya hukumu msaidizi aandike tarehe kwenye jalada na kuhesabu siku 45 za rufaa. Nauli ya safari hiyo itengwe hata kama ameshinda, maana mume naye ana siku hizohizo.