Mashindano ya magari ya porini kwenye ardhi ya umma: magari ya watazamaji mnayadhibiti vipi?

MtunzaLango ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu, hasa mliowahi kukaa upande wa wasimamizi wa ardhi na si upande wa waandaaji.

Nimepewa jukumu la kusimamia njia za kuingilia kwenye eneo la ardhi ya umma ambako klabu moja imeomba kibali cha mashindano ya magari na pikipiki za porini. Ni eneo kame, lina makorongo makubwa, na siku za kawaida liko wazi kwa kila mtu: watembea kwa miguu, wachungaji, waendesha baiskeli, watazamaji wa ndege. Klabu imeleta mpango wake. Njia ya mbio imechorwa vizuri, vituo vya ukaguzi vipo, gari la wagonjwa lipo, bima ipo. Huko sina shida nao.

Shida yangu iko kwenye sentensi moja: "Watazamaji wataelekezwa kwenye maegesho." Basi, imeishia hapo. Na mimi najua wengi wao watakuja na pikipiki na bagi zao (vigari vidogo vya porini) juu ya trela, na ni nani atakubali kuziacha zimefungwa kamba siku nzima huku akisikia wenzake wananguruma?

Maswali yangu: nifunge eneo lote au kipande tu? Nianze kufunga lini? Hao wenye vyombo vyao niwafanyeje? Na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia mashindano, nani mwenye kauli?

Kigingi amejibu:

Mkuu, umegusa penyewe. Nimesimamia njia na malango kwenye mashindano ya aina hii kwa miaka mingi, na ningeambiwa nisome ukurasa mmoja tu wa mpango wa mwandaaji, ningesoma huo wa watazamaji.

Gari la mashindano lina namba ubavuni, limekaguliwa, dereva wake anajulikana kwa jina, na linapita njia moja iliyopimwa. Likitoka nje ya njia linapoteza muda au linaadhibiwa. Lakini nyuma ya kila gari la mashindano kuna gari la mafundi, la mafuta, la ndugu na marafiki, na la jirani aliyesikia tu kwamba kuna mbio. Hayo hayana namba wala njia, na ndiyo yanayoiharibu ardhi. Ukisimamia mbio peke yake, umesimamia sehemu ndogo kabisa ya magari yatakayoingia.

Na si mazingira tu, ni roho za watu. Tarehe 14 Agosti 2010, kwenye mbio za California 200 huko Johnson Valley, jangwa la Mojave, gari moja liliruka kilima, likapoteza mwelekeo na kupinduka juu ya watazamaji. Watu 8 walikufa. Ilikuwa ardhi ya umma chini ya wakala wa Marekani uitwao BLM, na mbio zilikuwa na kibali. Sharti lilikuwepo: gari likiwa ndani ya mita 15 kutoka walipo watu, lisizidi kama kilomita 24 kwa saa. Watu walikuwa wamesimama hatua chache tu kutoka kwenye njia, bila uzio wowote. Mapitio ya wakala wenyewe yalikiri baadaye kwamba taratibu zake za kutoa na kusimamia kibali hazikufuatwa. Ndiyo maana kila nikikutana na neno "wataelekezwa" nauliza palepale: na nani, amesimama wapi, ana redio, na amepewa mamlaka gani ya kumwambia mtu "rudi"?

Sasa maswali yako.

Usifunge eneo lote kama huwezi kulilinda lote. Tangazo la kufunga ambalo halina mtu langoni linawafundisha watu kwamba tangazo ni karatasi tu. Funga kipande chenye njia ya mbio na ukanda wa kutosha pande zote mbili, halafu sehemu iliyobaki iache wazi kwa masharti ya kawaida. Tafuta mipaka ambayo dereva anaiona kwa macho: korongo, barabara kuu ya vumbi, ukingo wa mwamba. Mpaka wa kwenye ramani pekee hauonekani kwa mtu aliye nyuma ya usukani na vumbi usoni.

Kisheria, angalia kama una mamlaka ya kufunga papo hapo. Marekani walilifikiria mapema: Rais Nixon alitoa amri mwaka 1972 iliyozitaka taasisi za serikali kuu kupanga wapi magari haya yaruhusiwe na wapi yasiruhusiwe, kwa kupunguza madhara kwa udongo, vyanzo vya maji, mimea na wanyama, na kupunguza ugomvi na watumiaji wengine. Rais Carter akaongeza mwaka 1977: afisa akiona madhara makubwa yanatokea au yatatokea, afunge mara moja, na pabaki pamefungwa hadi madhara yaondolewe na njia ya kuzuia yasirudi iwepo. Kama kwenu kuna kifungu cha namna hiyo, andaa hati ya kufunga mapema, isainiwe, ikae mfukoni mwako. Siku yenyewe hakuna mtu wa kukusainia kitu.

Lini? Mapema kuliko unavyofikiri. BLM kwa kawaida wanataka maombi ya kibali yafike siku 180 kabla. Kuna wanaolalamika kwamba ni urasimu, lakini miezi hiyo ndiyo muda pekee wa kutembea eneo lote kwa miguu. Ramani ya njia ikishatoka, madereva wataanza kuja kuijaribu, na marafiki zao nyuma yao. Mimi hupendekeza vipimo vya GPS vitolewe kwa kuchelewa iwezekanavyo, na mazoezi yawe na siku maalum chini ya masharti yaleyale ya mbio. Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini ya Kenya, imeenda mbali zaidi: mahali panabadilishwa kila mwaka na hufichwa hadi karibu kabisa na siku yenyewe. Hapo ardhi inapata kupumzika, na umati hauna muda wa kutangulia.

Sasa kizuizi chenyewe, maana hapa ndipo nimeona maeneo yakiharibiwa na watu wenye nia njema. Watu huweka kizuizi pale pale njia inapochepuka. Dereva mwenye trela anafika, anaambiwa hapana, na hana pa kugeuzia. Nyuma yake kuna mwingine. Anachofanya ni kukata kona kwenye majani, trela inavunja vichaka, na hiyo alama ya matairi kesho inaonekana kama barabara. Wa tatu anaifuata bila hata kuuliza. Kizuizi kiwekwe nyuma zaidi, mahali ambapo ardhi tayari ni ngumu na imeshakanyagwa, penye nafasi ya gari refu kugeuka bila kugusa mmea. Weka na bango la tahadhari kabla ya hapo, ili mtu ajue anakwenda kuzuiwa akiwa bado ana uchaguzi.

Kwenye kona za njia yenyewe, vigingi na utepe viwekwe upande wa ndani. Huko ndiko magari hukata. Gari la kwanza linapanua kwa nusu ya upana wa tairi, linaacha mizizi nje, la pili linadhani ndipo njia ilipo. Jioni kona imekuwa uwanja.

Wenye vyombo vyao wana mambo mawili tu: ama chombo kinabaki juu ya trela kimefungwa, ama kinaenda kwenye njia nyingine iliyokuwa wazi tangu zamani, mbali na mbio, yenye lango lake. Njia ya tatu haipo. Usiruhusu mtu aende sehemu ya kutazamia kwa chombo chake, watu watembee. Na sehemu ya kutazamia iwe nzuri kweli, juu ya njia na nyuma ya kizuizi cha asili. Wasikae nje ya kona wala panapotua gari baada ya kuruka, maana gari likipoteza mwelekeo linaelekea huko. Ukiwapa watu mahali pasipoonekana kitu, watajitafutia wenyewe.

La mvua nawaachia wengine, najua yupo hapa anayeujua udongo kuliko mimi.

Nyayo amejibu:

Kigingi ameniita, nimekuja.

MtunzaLango, kwenye eneo kame angalia juu ya udongo kabla hujaangalia kitu kingine. Utaona ngozi nyeusi au ya kahawia yenye vinundu, wakati mwingine ina rangi ya kijani ikipata maji. Huo ni ukoko ulio hai: bakteria, kuvu, kuvumwani, na mwani wameshikana na chembe za mchanga. Ndio unaozuia upepo usibebe udongo na unaoingiza naitrojeni ardhini. Unapondwa kwa gurudumu moja. Kurudi kwake kunaweza kuchukua miongo mingi. Katika jangwa la Mojave na maeneo jirani bado zinaonekana alama za vifaru vya jeshi la Marekani vilivyofanya mazoezi chini ya Jenerali Patton mwanzoni mwa miaka ya 1940. Maegesho yako yasiwekwe juu ya ukoko huo hata kama ni tambarare na panapendeza. Yaweke kwenye ardhi iliyokwisha kuharibika.

Kuhusu mvua: sharti liandikwe kwenye kibali, lisisubiri mjadala wa alfajiri. Chimba kidogo, chukua udongo wa kina cha kiganja, ufinyange. Ukishikamana kama donge na ukaacha unyevu mkononi, magari mazito hayaingii, kwa sababu tairi litachimba mfereji, mfereji utakusanya maji ya mvua inayofuata, na hapo umeanzisha korongo jipya. Pima sehemu za chini na kwenye vivuko, usipime kilimani tu ambako panakauka kwanza. Na mwenye kauli awe mtu wa upande wa ardhi, kwa cheo chake, ameandikwa. Mwandaaji ameshalipia kila kitu, usimtwishe uamuzi huo peke yake.

Halafu magari yaoshwe kabla ya kuingia, hasa chini ya gari na kwenye matope ya tairi. Mbegu za magugu husafiri humo.

Usukani77 amejibu:

Mimi ni dereva, naomba na sisi tusikilizwe. Nakubaliana na mengi, ila mkifunga bila kutoa mbadala mnaumiza wale wanaofuata sheria. Mtu mkorofi atakata waya apite usiku, mwenye adabu atabaki nyumbani. Sisi wenyewe ndio tunaowajua wakorofi. Tupeni malango mengine tuyasimamie. Msipotushirikisha mtabaki na uzio na ugomvi. Mbio za pikipiki za Barstow hadi Vegas, kwenye jangwa hilohilo la Mojave, zilikimbiwa mara ya mwisho mwaka 1989, na mwaka uliofuata kobe wa jangwani akaorodheshwa rasmi kuwa hatarini. Sisemi kobe asilindwe, la hasha. Nasema wapenda mchezo wangehesabiwa mapema kama walinzi wa eneo, huenda pangebaki pa kuelewana.

MtunzaLango ameuliza tena:

Nawashukuru sana wote. Kigingi, nina mawili ya nyongeza. Wachungaji na watembea kwa miguu wanaotumia eneo kila siku, nao niwafungie? Na hiyo hoja ya Usukani77, wewe unaionaje? Watu wangu hawatoshi malango yote.

Kigingi amejibu:

Usukani77 ana hoja na naiunga mkono kwa sharti moja: mwanaklabu akikaa langoni, akae na mtu wako, asikae peke yake. Mwanaklabu anamjua mtu kwa jina na anaweza kumtuliza, mtu wako ana mamlaka. Mmoja anaongea na dereva, mwingine yuko kwenye redio. Na hakikisha redio inafika. Ndani ya korongo mara nyingi haifiki, kwa hiyo tembea na redio malango yote kabla ya siku yenyewe, na pasipofika weka mtu juu ya kilima wa kupokezana ujumbe. Malango yasiyo na watu yafungwe kwa mawe makubwa au magogo, si kwa utepe.

Wachungaji usiwafungie kwa bango. Nenda ukakae nao wiki kadhaa kabla, waulize mifugo inanyweshwa wapi na inapita saa ngapi. Ikiwa njia ya maji inakatiza njia ya mbio, njia ya mbio ndiyo ihame, au mbio zisimame kwa saa zilizokubaliwa. Hao watabaki hapo wageni wakishaondoka, na haki yao haiwezi kuwa ndogo kuliko ya mtu aliyekuja kwa siku moja. Watembea kwa miguu wapewe tangazo mapema, na njia moja nzuri ibaki kwa ajili yao, mbali na kelele.

Jambo ambalo karibu kila mpango unalisahau ni jioni. Zawadi zikishatolewa, waandaaji wanachoka, walinzi wanaondoka, na hapo ndipo vijana wanashusha bagi zao kwenda kupita njia waliyoona mabingwa wanapita. Kufunga kuendelee hadi kesho yake mchana, na malango yawe na watu usiku huo. Gari la mwisho lipite kuhesabu kila chombo cha mashindano kimetoka, kisha vigingi ving'olewe na utepe wote ukusanywe. Alama zikibaki, wiki ijayo mtu atazifuata akidhani ni njia rasmi.

Na dhamana. Kabla ya mbio chagua sehemu kadhaa, kona, vivuko na maegesho, weka alama ya chuma ardhini na piga picha kutoka hapo hapo, ukielekea upande uleule. Baada ya mbio piga tena, mwandaaji akiwepo. Kibali kiseme wazi kwamba fedha ya dhamana hairudi hadi picha hizo zilinganishwe na kilichoharibika kifukiwe, kisawazishwe na kufunikwa matawi makavu ili mtu mwingine asikifuate.