Mjadala: Marufuku ya biashara 15 kwa wasio raia, tumekosana na WTO au na majirani?

Mwenye mada (Ngamiani, Tanga):
Jamani wa Tanga, hamjambo. Juzi kijiweni kahawa ilipoa vikombeni kwa ubishi mmoja. Mwenzetu wa uwakala wa forodha pale bandarini anaishangilia ile amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15: maduka ya rejareja, kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, uwakala wa forodha na nyinginezo. Mzee mmoja akamkatiza: "Mmevunja sheria za WTO, lile Shirika la Biashara Duniani, mtaitwa makao yake Geneva mjieleze." Nimeileta hapa kwa sababu naona wote wawili wamekosea, na mzee kakosea zaidi.

Msimamo wangu ni huu. Geneva hakuna kesi. Kesi, kama ipo, iko Arusha, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na tusipoangalia, hiyo ya Arusha ndiyo itatuzalia ya Geneva.

Mkataba wa huduma wa WTO, unaoitwa GATS, ulianza kazi Januari 1995. Una mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja linamgusa kila mwanachama karibu katika huduma zote: ukimpa mgeni mmoja upendeleo, wape na wanachama wengine wote. La pili ni kumfungulia mgeni soko na kumtendea kama raia, na hilo linakubana pale tu ulipoandika ahadi kwenye jedwali lako. Sisi tuliandika nini? Hoteli za nyota nne na kwenda juu. Basi. Saluni ya Makorora haimo, kibanda cha fundi simu hakimo, uwakala wa forodha haumo. Na amri haikusema Mchina atoke Mkenya abaki. Imewazuia wote, kwa hiyo hakuna aliyependelewa. Mzee wetu atafute shtaka jingine.

Wakala wa Bandarini:
Ahsante kwa kunipa nusu ya haki yangu. Nusu nyingine naidai. Hivi unajua tunavyoumia? Mgeni anakuja, anatafuta Mtanzania wa kuweka jina kwenye karatasi, ofisi inafunguliwa, na mteja wa meli anakwenda kwake kwa sababu mizigo wanapeana wao kwa wao tangu huko inakotoka. Mimi mtaji wangu ni mkopo, na dhamana yake ni nyumba ya urithi. Bandari yetu imechimbwa kina, meli zinafunga gatini, bomba la mafuta kutoka Hoima mwisho wake hapo Chongoleani. Kazi imekuja baada ya miaka ya ukame, na mnataka tuigawe?

Na mmesahau kwamba hata Mtanzania anayemkodishia mgeni jina amewekewa adhabu? Hapo ndipo amri ilipopatia.

Shangazi wa Horohoro:
Wanangu, mimi sijui jedwali. Mimi ni Mdigo, na Wadigo tuko huku na tuko Lunga Lunga, mpaka ulitukuta. Mtoto wa kaka yangu kazaliwa ng'ambo ile, ana kitambulisho cha Kenya, na anatengeneza simu hapa Horohoro mwaka wa tatu sasa. Leo ni mgeni sawa na mtu aliyeshuka kwenye ndege? Si waseme tu hawa wa Afrika Mashariki waachwe, wengine wazuiwe. Kuna ugumu gani?

Mwenye mada:
Shangazi, shikamoo. Ugumu uko hapo hapo uliposhika.

Tukisema Mkenya aachwe na Mhindi azuiwe, tayari tumependelea, na ile kanuni ya "wape wote" inaamka. India ni mwanachama wa WTO, inaweza kuuliza: mbona jirani yako amepata na mimi nimekosa? Jibu la kisheria lipo, ni Ibara ya 5 ya GATS. Inaruhusu nchi kupendeleana katika huduma kama zimeungana kiuchumi kwelikweli. Masharti yake: makubaliano yaguse sekta nyingi, si mbili tatu zilizochaguliwa, wanachama wafute ubaguzi kati yao, na wasiwapandishie ukuta walio nje. Kisha waiarifu WTO. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya hivyo: Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009, ikaanza Julai 2010, na upande wa huduma ukaarifiwa 2012. Sekta saba zimo, zikiwemo utalii, fedha, mawasiliano na usafirishaji.

Sasa angalieni. Ibara hiyo inapozungumzia ubaguzi, inataja kufuta uliopo, na inataja pia kutoleta mpya. Amri ya Julai ni nini kwa fundi wa Lunga Lunga kama si ubaguzi mpya? Kila tunapomfungia jirani mlango tuliokwisha kuufungua, tunaila ile ruhusa yenyewe inayotuwezesha kumpendelea. Siku tukimkumbuka shangazi na kutaka kumwachia mtoto wa kaka yake, mtu atauliza: hii ni jumuiya kweli, au ni jina mnalolivaa mkitaka na kulivua mkichoka?

Mwalimu wa Raskazone:
Ndugu mwenye mada, umetutisha kupita kiasi. Nina mambo mawili.

Kwanza, maneno ya Ibara ya 5 ni "na/au". Kufuta ubaguzi uliopo, na/au kuzuia mpya. Umelisoma kama "na" peke yake. Halafu kuna aya inayozipa nchi zinazoendelea nafuu katika masharti hayo, kulingana na hali zao za maendeleo. Jumuiya yetu yote ni nchi za namna hiyo.

Pili, ni mara ngapi mtu amebanwa kwa ibara hii? Kesi inayotajwa sana ni ya magari ya Kanada, mwaka 2000. Japani na Umoja wa Ulaya walilalamika, Kanada ikajikinga kwa NAFTA, mkataba wake wa biashara huru na Marekani na Meksiko, jopo likaikatalia kwa sababu nafuu yake ya ushuru ilifika kwa watengenezaji wachache tu na kuwaacha wenzao wa Marekani na Meksiko. Tangu hapo mikataba ya kikanda imejaa dunia nzima, na tangu 2006 WTO ina utaratibu wa kuijadili kwa uwazi. Inajadiliwa, watu wananywa chai, wanaondoka.

Mwenye mada:
Hilo la "na/au" nakubali, umenikamata. Nafuu pia ipo.

Lakini Mwalimu, kesi ya Kanada uliyoileta inanisaidia mimi. Kanada ilishindwa kwa sababu ilichagua wachache ndani ya jumuiya yake na kuwaacha wengine. Sasa sisi tukianza vibali vya kienyeji, fundi huyu wa Lunga Lunga aachwe kwa sababu ana shangazi, yule wa Kampala azuiwe, si ndiyo njia ileile? Nafuu kwa maskini si ruhusa ya kuokoteza. Na kuhusu chai, sawa, wanakunywa. Ila Kenya haikunywa chai, ililalamika wazi wazi kwamba Itifaki imekiukwa.

Muongoza watalii, Amboni:
Mnaongea Geneva, mimi naongea mapangoni. Gari linatoka Mombasa asubuhi na wageni wake, muongozaji wake, chakula chake. Anawaeleza popo na historia vibaya, mchana wamerudi. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini hawa hata maji hawanunui! Kwa hilo nilipiga makofi. Ila nina kaka yangu ni seremala Likoni, na Wakenya wakilipiza, atarudi nyumbani kulala sebuleni kwangu. Kwa hiyo makofi yangu ni ya mkono mmoja.

Wakala wa Bandarini:
Sebule itapatikana, kazi ndiyo haipatikani. Na hilo Eneo Huru la Biashara la Afrika lililoanza kutumika 2019 nalo limeanza na sekta tano, usafirishaji na utalii zimo. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nayo ina itifaki yake ya huduma tangu Januari 2022. Kila mkutano tunasaini. Nani alituuliza sisi wa gatini?

Mwenye mada:
Hapo sikupingi hata kidogo. Hasira yako ungepaswa kuipeleka kwa walioandika ahadi bila kukuuliza, siyo kwa fundi simu.

Shangazi, nirudi kwako. Waliokuwa na leseni halali amri imewaacha mpaka leseni iishe muda. Ya kijana inaisha lini, tujue ana miezi mingapi?

Shangazi wa Horohoro:
Leseni? Mwanangu, hapa Horohoro nani ana leseni ya kutengeneza simu?