Mrejesho: kipimo cha damu cha galaktosemia kwa mtoto mchanga

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu mwanangu mchanga mwenye manjano isiyoisha, anayetapika kila akinyonya. Daktari alihisi galaktosemia: mwili haumudu galaktosi, sukari itokanayo na maziwa, hata ya mama.

Uliyesema nimuulize daktari kama tuache maziwa kabla ya majibu, Mungu akubariki. Alikubali palepale, tukahamia maziwa ya kopo ya soya. Kariakoo nilizunguka nikakosa, nikayapata Mikocheni, bei imechangamka kwelikweli. Kutapika kulikata, manjano ikaondoka, na uzito unapanda.

Kipimo chenyewe ndicho kilichokwama. Kinaangalia GALT, kimeng'enya kinachovunja galaktosi, ndani ya chembe nyekundu za damu, na mtoto alikuwa ameshaongezewa damu. Kingesoma damu ya mchangiaji, majibu yangetoka mazuri wakati si kweli. Inabidi tungoje kama miezi 3. Jamani, mtoto akihisiwa, ombeni damu ya kipimo itolewe kabla hajaongezewa!

Ushauri wa kutupima sisi wazazi ndio uliotuokoa. Sampuli zilisafirishwa nje ya nchi. Mimi na baba yake kimeng'enya chetu ni karibu nusu ya kawaida, yaani wote ni wabebaji: tuna jini la ugonjwa ila wenyewe hatuumwi. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua.

Ambacho hakijakaa sawa ni macho. Ukungu wa mtoto wa jicho, ambao nao huletwa na galaktosemia, umepungua ila haujaisha, daktari wa macho anaendelea kumfuatilia.