Maji ya tangi yamekuwa ya njano: niweke mkaa, zeolaiti au resini?

TangiLita180
Wakuu, habari. Nina tangi la lita 180 la maji baridi (si la chumvi), na filta ya kanista yenye trei 4. Ndani kuna samaki aina ya tetra 20 na koridorasi 6, gogo moja kubwa na mimea michache. Maji ni maangavu ila yana rangi kama ya chai iliyozimuliwa, na ukifungua kifuniko unasikia kaharufu. Vipimo vya jana: amonia 0, nitriti 0, nitreti 40 mg/l, fosfeti 1 mg/l, pH 7.2. Nabadilisha 20% ya maji kila baada ya wiki mbili.

Nimepata mfuko wa "tatu kwa moja": mkaa amilifu, zeolaiti (madini ya kunasa amonia) na chembe za rangi ya kutu za kunasa fosfeti. Je, utamaliza yote? Unakaa trei ipi, na unaweza kuoshwa ukatumika tena? Halafu tetra wawili wametoka vidoa vyeupe kama punje za chumvi, kwa hiyo wikiendi nataka kutia chumvi tangini.

FundiFilta
Mkuu, usiuweke kwanza. Chukua vipimo vyako, uliza kila kimoja kinadai nini.

Amonia 0: zeolaiti haina kazi, bakteria wako wameshaimaliza. Fosfeti 1 kwenye tangi lenye mimea si tatizo, ni chakula chao. Ukiinyonya yote mimea itadumaa na mwani ndio utachukua nafasi. Nitreti 40: hakuna kitu kwenye huo mfuko kinachoigusa, hata mkaa. Hiyo inaondoka kwa kubadilisha maji. Maji yako mapya yakiwa na nitreti 0, ukibadilisha nusu ya tangi unashuka hadi 20 mara moja. Baada ya hapo 30% kila wiki. Pima maji ya bomba pia, maana yakija na nitreti yake hutashuka chini ya hapo hata ukibadilisha kila siku.

Kinachobaki ni rangi na harufu, na hiyo ndiyo kazi ya mkaa. Kwa lita 180 mililita 200 hadi 250 zinatosha. Chagua punje za milimita 1 hadi 2 zisizong'aa. Punje kubwa zinazometa kama kioo mara nyingi hazifai. Chovya chache kwenye glasi ya maji: mkaa mzuri hutoa vipovu na kasauti ka kuchemka, hewa inatoka kwenye vitundu. Mkaa wa vifuu vya nazi una vitundu vidogo sana, ni hodari kwa klorini na molekuli ndogo. Tanini za gogo, yaani ile rangi ya chai inayotoka kwenye mti, ni molekuli kubwa, kwa hiyo kwa tatizo lako mkaa uliotengenezwa kwa makaa ya mawe hufanya kazi vizuri zaidi. Na kwa kuwa jina linachanganya watu: mkaa wa jikoni si huu. Huu umepitishwa kwenye mvuke wa nyuzi 800 hadi 900 ndipo ukafunguka vitundu. Ndiyo sababu pia kuuchemsha au kuuoka kwenye oveni hakuufufui. Ukichoka unatupwa.

Kabla ya kuutumia weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji yaliyosafishwa kabisa (ya distili), uache usiku kucha, kisha pima fosfeti. Baadhi ya mkaa huitoa yenyewe.

MajiTulivu
Nakubaliana na hayo, lakini hapo kwenye chumvi ndipo penye hatari na sitaki ipite kimyakimya.

Zeolaiti haimezi amonia, inabadilishana. Kila punje imeshika sodiamu. Amoniamu (amonia iliyobeba chaji ya umeme) ikipita, punje inaachia sodiamu na kushika amoniamu. Ukitia chumvi tangini umeleta sodiamu nyingi ghafla, na mabadilishano yanageuka: punje zinarudisha sodiamu mahali pake na kutema amoniamu nyingi iliyokusanywa kwa wiki kadhaa. Vipimo vilikuwa 0 asubuhi, jioni samaki wanahema juu ya maji, na mtu anailaumu chumvi. Kwa pH 7.2 na joto la nyuzi 25 ni kama 1% tu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali, kwa hiyo unaweza kuponea chupuchupu. Kwenye pH 8 inafika 5%, na hapo hatari ni kubwa zaidi. Sodiamu hiyo ndiyo sababu zeolaiti haifai kunasa amonia kwenye tangi la maji ya bahari.

Ukitaka kuona mwenyewe: chota punje kutoka mfuko wa zeolaiti uliokwisha kutumika kwenye tangi lenye amonia, zitie kwenye kikombe cha maji yenye chumvi, subiri masaa machache, pima. Kemia hiyohiyo ndiyo inayotumika kuifufua: gramu 50 hadi 100 za chumvi isiyo na viongezo kwa lita moja ya maji, iloweke masaa 24 kwenye ndoo, suuza sana, rudisha. Kila mzunguko inapoteza uwezo kidogo. Mfuko wako wa mchanganyiko huwezi kuufanyia hivyo, kwa sababu mkaa uliochoka utabaki humo humo. Kwa hiyo mifuko ya tatu kwa moja siipendi: kimoja kikiisha unatupa vyote, na hujui kipi kimeisha.

Kwa vidoa vyeupe, ambavyo huletwa na kimelea: gramu 2 kwa lita, yaani gramu 360 kwa tangi lako (kadiria ujazo halisi ukitoa mchanga na gogo, huenda ni lita 150 tu). Yeyusha pembeni, tia nusu, nusu nyingine baada ya masaa 12. Koridorasi hawapendi chumvi, waangalie. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 28 au 29 na uongeze hewa, kwani maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Usikatishe vidoa vikipotea. Kimelea hufa kikiwa kinaogelea, si kikiwa kwenye ngozi ya samaki. Mkaa hauondoi chumvi, kwa hiyo unaweza kubaki. Ila ukiamua kutumia dawa kama malachite green, toa mkaa kwanza, la sivyo unailisha filta dawa. Tiba ikiisha, weka mkaa mpya siku moja au mbili kufyonza masalio, kisha utupe.

Kambare_na_Resini
Mkaa ni sawa, lakini gogo kubwa hutoa tanini kwa miezi. Utabadilisha mkaa kila wiki 3 au 4 mpaka uchoke wewe. Hapo resini ya kunasa uchafu wa kikaboni, kama Purigen, ina faida: inafufuliwa. Punje zake ni laini sana, zinahitaji mfuko wa wavu mwembamba, la sivyo utazikuta tangini zimetapakaa. Huanza na rangi ya maziwa, ikifika kahawia iliyokolea ni wakati wake.

Kuifufua: ndoo ya plastiki, sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato wala sabuni, sehemu moja ya maji, masaa 24. Suuza vizuri. Kisha iloweke angalau masaa 8 kwenye maji yenye dozi nzito ya dawa ya kuondoa klorini. Suuza tena, nusa; ikinuka klorini hata kidogo, rudia hatua ya mwisho. Fanya mahali penye hewa, na usichanganye klorini na siki wala kitu chenye amonia. Pia epuka dawa za maji zinazodai kuongeza ute wa samaki ukiwa unatumia resini hii, huifunika punje, na resini iliyopata baadhi ya hizo huenda isifufuke tena.

Na lichemshe gogo kama linaingia kwenye sufuria. Ni bora kupunguza tanini kwenye chanzo.

TangiLita180
Asanteni sana. Mfuko naurudisha kwenye kasha. Naanza na mkaa peke yake. Filta yangu maji huingia chini na kutoka juu. Niuweke trei ipi, na nitajuaje umechoka?

FundiFilta
Trei ya juu kabisa, baada ya sponji na vigae wanavyokalia bakteria. Uchafu ukifika kwenye mkaa kwanza, matope yanaziba midomo ya vitundu na ndani hakuna kinachoingia. Tandaza mfuko ufunike trei nzima, usiujaze ukawa mpira: maji hupita pale penye njia rahisi, na ukiacha mwanya pembeni yataupita mfuko bila kuugusa. Kosa hili hutokea mara nyingi, na mtu anasema mkaa haufai.

Suuza kwenye ndoo mpaka vumbi jeusi liishe, mara 4 au 5, ndipo uweke. Sponji na vigae vyenyewe visuuze kwa maji ya tangi yaliyotolewa, si ya bomba.

Kujua umechoka: chukua vikombe viwili vyeupe vinavyofanana, kimoja maji ya tangi, kingine maji mapya, vitazame kutoka juu kwenye mwanga wa mchana. Siku chache baada ya kuweka mkaa vitakaribiana. Pima hivyo kila wiki. Umanjano ukirudi, badilisha. Tarehe ya kwenye kasha ni makadirio tu, tangi lenye gogo lako litaumaliza mapema.

MajiTulivu
Nyongeza: maji yakiwa na ukungu mweupe au ya kijani, mkaa hausaidii, wa kwanza ni bakteria au vumbi, wa pili ni mwani. Na kama maji yenu ya bomba yana kloramini (klorini iliyoungana na amonia), mkaa huivunja polepole na kuacha amonia, kwa hiyo tumieni dawa inayoshughulikia vyote viwili kabla maji hayajaingia tangini.

Mbolea ya maji yenye chuma, kama unaitia kwa mimea, punguza matarajio mkaa ukiwamo. Sehemu yake itanaswa. Wengine hutoa mfuko siku ya mbolea na kuurudisha kesho yake. Ukifanya hivyo uhifadhi kwenye maji ya tangi, usikauke.